Kutoka Laini Saba Hadi Gatina na Rais Kifuani

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimemjibu kwa kukohoa. Si kwamba sikutaka kusema. Ukuta wa chumba chetu ni wa udongo, upande wa pili anaishi jirani mwenye kadi ya chama na masikio mazuri, na mimi nikianza kusimulia siwezi kunyamaza. Kwa hiyo nimeandika. Someni kwa zamu, msisome kwa sauti, na atakayekuwa wa mwisho azitie karatasi hizi kwenye jiko na kuchemshia chai, zisiende bure.

Mnachotaka kujua ni hiki. Mtu ametoka hapa Laini Saba Ijumaa asubuhi kwenda Gatina, kule Kawangware, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu ya mtu asiye na haraka. Amefika jioni, na amerudi Jumatatu akiwa amekonda. Alipitia wapi? Alipitia njia ile ile mnayoijua. Tofauti ni kwamba hakusafiri peke yake. Alisafiri na Rais.

Chanzo cha safari

Wengi wenu mmekula kwa senje Rispa, shangazi yangu, mwenye hoteli ya chai pale Gatina. Mnamjua pia Okoth, mpishi wake, yule mtu wa ziwani anayekanda chapati kama anayembembeleza mtoto. Jumanne ile Okoth aliinua macho akaona picha ya Rais ukutani imefunikwa masizi ya jiko hata haijulikani kama ni Rais au ni muuza makaa. Akaona haya kwa niaba ya serikali. Akachukua kitambaa cha kupangusia meza, akampangusa. Kioo kilikuwa na ufa wa siku nyingi, maji yakapenya, na shavu moja la Rais likatoka pamoja na masizi.

Mteja mmoja aliacha chai yake nusu kikombe akaondoka. Kabla ya saa sita askari wawili wa chifu walikuwa mlangoni. Kosa lilikuwa kumpangusa Mkuu wa Nchi kwa tambara la meza. Okoth akafungiwa katika stoo ya kambi ya chifu, na jina lake halikuandikwa katika kitabu chochote, kwa kuwa mtu ambaye hajaandikwa hajakamatwa. Chifu akamwambia senje alete picha mpya, aione kwa macho yake kabla haijatundikwa, ndipo wazungumze habari za mpishi. Mwisho ni Ijumaa jioni. Baada ya hapo Okoth angepelekwa mbele. Chifu hakueleza mbele ni wapi. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka huko akaeleza.

Sasa, Kawangware nzima ilikuwa haina picha ya kununua. Habari za Okoth zilipoenea, kila mwenye duka alitazama ukuta wake, akaona masizi, akakimbia dukani. Senje akanitumia ujumbe kwamba nitafute Kibera, kwa kuwa mimi ndiye mwenye digrii. Katika ukoo wetu hiyo ndiyo kazi ya kwanza digrii yangu kupewa.

Laini Saba: namna ya kumfunga

Picha niliipata kwa fundi Shem, yule seremala wa Maragoli aliye karibu na reli. Alikuwa nayo moja, kubwa, yenye fremu ya kahawia na kioo kizima. Nilikuwa nimevaa suti yangu nyeusi ya mahafali na tai, kwa sababu nilifikiri chifu akiona tai ataniita bwana. Kumbukeni hiyo suti.

Fundi Shem aliifunga picha kwa gazeti. Nikamwomba angoje kidogo. Gazeti lilikuwa na picha ya Rais ukurasa wa kwanza, kama kila siku, na huyo Rais wa gazeti alikuwa kichwa chini, miguu juu. Tukageuza gazeti. Ukurasa wa nyuma ulikuwa na tangazo la dawa ya minyoo. Tukaliacha gazeti kabisa. Shem akaleta kamba ya mkonge, akafunga msalaba mzuri wa kiseremala. Nilipotazama, nikaona kamba imepita sawasawa shingoni.

"Fundi, fungua."

"Imekaza vizuri hiyo."

"Ndiyo maana nakwambia fungua."

Akaitazama kamba, akaitazama shingo, akafungua. Kisha akaniambia niondoke nayo haraka, na nikiulizwa nilikoipata, yeye hutengeneza viti tu.

Nikaiweka kwapani. Nikafikiri: kwapani mwa mtu anayetoka jasho. Nikaiweka begani, nikaona nitakuwa kama mtu aliyebeba ubao. Stendi nilijaribu gari. Kondakta alisema Rais hawezi kuwekwa buti, hawezi kukaliwa, na kumsimamisha safari nzima ni ukosefu wa adabu. Akagonga bodi, wakaenda. Nikarudi kwapani.

Makina: ruhusa ya kumhamisha Rais

Pale Makina nilisimamishwa na vijana wa chama, watatu, wenye mashati mekundu, wamekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya tawi. Mkubwa wao alijiita Kamanda. Alikuwa mtu wa umri wangu, na beji ya chama kifuani yenye ukubwa wa kifuniko cha chupa.

"Niaje, Digrii," alisema, kwa ajili ya tai. "Rais unamtoa wapi?"

Mngenijibia nyinyi, mngesema "dukani". Mimi nilifikiri. Neno "kumtoa" lilinishtua, maana miaka hii watu wamefungwa kwa kutuhumiwa kutaka kumtoa. Nikaanza kueleza kwamba simtoi, ninampeleka, na kwamba hata kumpeleka si kumpeleka yeye bali ni kupeleka mfano wake, na kwamba Kibera haitabaki bila yeye kwa kuwa yuko kila mahali. Kamanda alinisikiliza kama mtu anayesikiliza injini yenye hitilafu.

"Kwa hivyo Kibera hatumtoshi?"

Walinikalisha pale zaidi ya saa mbili. Waliomba kadi ya chama, nikatoa. Waliomba barua ya kuruhusu picha kutoka lokesheni moja, yaani eneo la chifu mmoja, kwenda nyingine, nikasema sijui kama kuna barua ya namna hiyo. Wao pia hawakujua, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema haipo. Hatimaye Kamanda aliamua kwamba atanisindikiza mwenyewe hadi Kawangware kuhakikisha, na kwamba kwapani ni matusi.

"Mbebe kifuani. Mikono miwili. Watu waone uso. Na usikimbie, tembea kama mtu."

Nikambeba kifuani, mikono miwili, uso ukitazama mbele. Kamanda akavua kofia kwa heshima akanifuata nyuma, hatua tatu. Hivyo ndivyo tulivyotoka Kibera.

Ngong Road: watu wanavua kofia

Tulipopita Jamhuri na kuingia Ngong Road nilianza kuona mambo. Mzee mmoja wa baiskeli alishuka, akasimama kando, akavua kofia. Wanawake wawili waliotoka sokoni walitua vikapu. Watoto wa shule waliokuwa wakipigana waliacha, wakajipanga nyuma ya Kamanda, wakatembea kimya. Lori likapunguza mwendo na dereva hakupiga honi. Nilimwambia Kamanda kwamba wananchi wanampenda Rais kuliko nilivyodhani. Akasema ni kwa sababu ya kazi ya tawi lake.

Nilitembea mwendo wa nusu saa kabla akili yangu haijanifikia. Wengine wenu mmeshagundua. Nyumbani kwetu, na kwao Okoth, na karibu kila mahali maiti inapotoka mjini kwenda kuzikwa, mbele ya jeneza hutangulia kijana mmoja wa ukoo, amevaa suti nyeusi, amebeba kifuani kwa mikono miwili picha ya marehemu yenye fremu. Nyuma yake watu huvua kofia. Sisi tulikosa jeneza tu, na watu wa mjini huamini jeneza liko kwenye gari linalokuja.

Mnajua mimi huogopa nini. Chuoni nilisoma somo moja la sheria, na katika somo zima nilikumbuka mstari mmoja: kuwaza kifo cha Rais ni uhaini. Wengine hukumbuka mikataba na mirathi. Sasa nikawa nafikiri kwamba sipaswi kufikiri kwamba watu wanafikiri amekufa, kwa kuwa ili nifikiri hivyo ni lazima kwanza mimi mwenyewe nifikiri amekufa. Nilijaribu kuwaza chapati.

Nikageuka nimwambie Kamanda tubadilishe namna ya kubeba. Nikakumbuka kwamba ningelazimika kumweleza kwa nini. Nikageuka tena mbele.

Dagoretti Corner: chai

Mvua ikatuingiza kwenye hoteli moja pale Dagoretti Corner. Kamanda aliagiza chai na mandazi ya watu wawili, akala ya watu wawili. Mimi sikujua nimweke Rais wapi. Sakafuni haiwezekani. Kwenye kiti, angekaa chini ya picha yake mwenyewe iliyokuwa ukutani, na sikujua nani kati yao mkubwa. Nikampakata, uso nje, nikawa nakunywa chai juu ya kichwa chake, na kila tone lililotaka kuanguka nililifuata kwa macho kama kipa.

Jikoni mtu alizima redio. Kisha mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza mboga mlangoni akaja, akaniwekea mkono begani.

"Pole sana, mwanangu."

Hapa ndipo nilipoiangusha nchi. Nimelelewa vizuri. Mtu akiniambia pole mimi husema asante kabla sijajua ni pole ya nini.

"Asante, mama," nikasema.

Akafunika uso kwa leso. Watu wakatazama mezani. Kamanda, mdomo umejaa mandazi, aliona kitu kimeharibika ingawa hakujua ni nini. Akasimama, akaikung'uta beji, akatangaza kwa sauti ya mkutano:

"Wananchi, hakuna jambo. Rais ni mzima kabisa. Hana ugonjwa wowote."

Hakuna mtu aliyekuwa amemtaja Rais. Hakuna aliyekuwa ametaja ugonjwa. Katika nchi yetu jambo linaweza kuwa uvumi hadi mwenye beji alikanushe, hapo huwa hakika. Vikombe viliwekwa chini vyote kwa pamoja. Mmoja akatoka, wa pili akatoka, na mwenye hoteli akaanza kufunga madirisha ingawa ilikuwa saa nane mchana. Yule mama aliniambia kwa sauti ya chini nisibaki barabarani, siku kama hizi si nzuri.

Naivasha Road: habari zina miguu

Mvua ilipokatika tukashika Naivasha Road, na tukakuta habari zimetutangulia. Habari hazibebi fremu. Bucha ilikuwa imefungwa na nyama bado inaning'inia ndani. Fundi cherehani alikuwa anaburuta mashine yake kuiingiza chumbani. Watu walisimama foleni ndefu kwenye duka moja la unga, na kila aliyetuona alijisogeza, si kwa heshima tena, bali kama mtu anayekwepa mvua ya mawe. Mtu mmoja aliyekuwa akikimbia alituambia, bila kusimama, kwamba askari wa jeshi wameonekana. Nikamwuliza wapi. Akasema alisikia Dagoretti Corner. Sisi ndio tuliotoka Dagoretti Corner, na mwanajeshi hakuwepo hata mmoja, isipokuwa kama walimhesabu Kamanda.

Kamanda aliziacha zile hatua tatu za nyuma. Kisha akaja ubavuni mwangu.

"Digrii. Niambie ukweli. Nyinyi watu wa chuo hujua vitu mapema."

"Kamanda, tumetoka wote Makina. Unajua ninachojua."

"Mimi niliambiwa tu nikae kwa benchi," akasema. "Hii picha ulitumwa na nani hasa?"

Nilimweleza tena habari za senje, za Okoth, za tambara. Alitikisa kichwa kama anayesikia uongo wa kitaalamu. Tulipofika karibu na kituo cha magari cha Arobaini na Sita nilisikia hatua zake zimekoma. Nilipogeuka, alikuwa ametoa beji na kuitia mfukoni, na alikuwa anavua shati jekundu. Chini alikuwa na fulana ya timu ya mpira. Akaniambia amekumbuka shangazi yake mgonjwa huko Uthiru, na kama nitaulizwa, yeye siku zote alikuwa mtu wa mpira. Akaingia kichochoro na sijamwona tena.

Nikabaki peke yangu na Rais. Niseme ukweli, nilifikiria kumwegemeza mahali niende zangu. Lakini jua lilikuwa linashuka, na Okoth alikuwa stoo.

Kambi ya chifu

Getini hakukuwa na askari. Nilipoingia uani kitu cha kwanza nilichoona ni bendera. Ilikuwa nusu mlingoti.

Nilisimama pale nikiitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile niliwaza wazi kabisa: huenda ni kweli. Huenda nimembeba mchana kutwa na kumbe amekufa. Nikaona nitalaumiwa kwa hilo pia.

Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na maji yanayofika kwenye kifundo cha mguu, meusi, na hakuna kitu cha kukalia. Okoth alikuwa kwenye ngazi ya nje, ameshika viatu mkononi. Wenzake wanne waliokuwa naye humo, aliniambia, walifunguliwa mlango saa moja iliyopita wakakimbia. Chifu mwenyewe alikuwa amewafungulia, akamshika kila mmoja mkono, akawaomba wakumbuke kwamba aliyekuwa akitoa amri si yeye. Okoth hakukimbia kwa sababu viatu vilikataa kuingia. Miguu yake ilikuwa imevimba na ngozi imekuwa nyeupe, imekunjamana kama nguo iliyosahauliwa kwenye karai. Siku tatu alisimama humo. Hapo sikuwa na la kufikiri.

Chifu aliita kutoka ofisini. Nilimkuta ameketi, redio mbele yake, sauti chini, anangojea muziki wa maombolezo. Ukutani nyuma yake palikuwa na mraba msafi na msumari. Picha yake ya Rais ilikuwa mezani, imefunikwa nusu kwa shali nyeusi ya mke wake. Aliponiona mlangoni, na suti, na tai, na Rais kifuani, alisimama akainamisha kichwa.

"Umetumwa kutoka juu?" akauliza kwa upole.

Kabla sijaanza kufikiri jibu, taarifa ya habari ikaingia. Msomaji, kwa furaha ile ile ya kila siku, alisema Mtukufu Rais leo amewaongoza wananchi kupanda miti, yeye mwenyewe akichimba mashimo bila kuchoka.

Chifu alitazama redio. Kisha kupitia dirishani akatazama bendera. Aliivuta shali kwa ghafla, fremu ikaifuata, ikaanguka, na kioo kikavunjika juu ya uso. Tukabaki tumeitazama sote wawili. Alitoka mbio, na nilimwona mtu mzima mwenye mkanda na fimbo akivuta kamba kwa mikono yake, bendera ikipanda kwa kushtuka-shtuka hadi juu.

Aliporudi alikuwa anahema. Alichukua picha yangu mikononi mwangu, akaitundika kwenye msumari wake, akairekebisha.

"Hii ni ya ofisi," akasema. Kisha akanigeukia. "Kijana. Ulipoingia, uliona bendera?"

Nyinyi mnajua kwamba sijawahi kujibu swali kwa maneno machache. Nilikuwa na mengi. Niliona kwamba nikisema niliona, tumekwisha wote wawili, na kwamba atakayenishtaki kwa uvumi itabidi kwanza aeleze mlingoti. Yote hayo nikayaacha.

"Bendera gani, mheshimiwa?"

Akakaa. Akafuta jasho kwa ile shali.

"Chukua mpishi wako mwende," akasema.

Gatina

Nilimbeba Okoth mgongoni kutoka kambini hadi hotelini. Baada ya kumbeba mwingine mchana kutwa, huyu alikuwa mwepesi. Senje Rispa aliweka maji ya chumvi kwenye karai, akamkalisha karibu na jiko, ndipo akauliza picha iko wapi. Nikamwambia iko kwa chifu. Akatazama msumari wake mtupu, akatazama miguu ya Okoth, akasema tule kwanza.

Nilibaki huko kwa sababu niliogopa kupita tena Dagoretti Corner nikiwa na uso ule ule. Jumapili baada ya kanisa chifu alikuja kunywa chai. Alikaa akiuelekea msumari ule. Hotelini mle, pengine pekee katika Kawangware nzima, hapakuwa na picha. Aliutazama, akaomba sukari.

Okoth hakuwa ameniuliza lolote siku zote hizo. Jumatatu asubuhi, nikiwa nafunga tai yangu kwenye mfuko ili nisifanane na mtu yeyote, alikuwa amerudi mezani, ameketi, miguu ndani ya karai, anakanda unga.

"Digrii."

"Naam, Okoth."

"Kwa hivyo hakuwa amekufa."

"Hapana. Alikuwa anapanda miti."

Akakanda, akageuza donge, akakanda tena.

"Basi bado," akasema.

"Bado."

Akanyoosha mkono, akachukua kile kitambaa, akapangusa meza.